Mashine Yangu ya Usiku

Leo nakuja na habari ya chumbani, lakini siyo hiyo mnayoifikiria. Ni habari ya usingizi. Mwenzenu huu ni mwaka wa pili nalala na mashine, na nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu ya haya. Leo nimeamua kusema, kwani najua kuna mwenzangu huko anateseka akidhani ni uchovu wa kazi tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kusomea ushoni, na leo Alhamdulillah nina duka dogo hapa mjini Unguja la mabaibui na nguo za harusi, na wasichana wanne wananisaidia. Anayeijua kazi hii anajua shughuli ya mwezi wa Ramadhani, nguo za Idi zikiwa zinasubiri, na ya mwezi wa Shaabani, kila mtu anataka kuoa kabla ya mfungo. Kwa hiyo walionikuta nimelala juu ya cherehani saa nne asubuhi wakisema, "Pole dada, kazi nyingi," na mimi nikiitikia.

Lakini kazi ilipopungua, usingizi haukupungua. Nilikuwa naamka kichwa kinagonga na mdomo mkavu. Sala ya Alfajiri ikawa inanipita, mimi ambaye ndiye nikiwaamsha wengine. Hasira zikawa karibu, watoto wakinisogelea kwa kupima. Presha ya damu ikapanda nikiwa na miaka 35, na vidonge nilivyopewa haviishushi. Siku moja nikasinzia mguu ukiwa juu ya pedeli na sindano ikapita kwenye kidole changu cha shahada. Wiki hiyohiyo nikaunguza shela ya bi harusi kwa pasi, siku mbili kabla ya harusi yake. Nililipa shela na nikaomba radhi, lakini yule mama wa bi harusi hajarudi dukani kwangu mpaka leo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nikishtuka usiku naona mwanga wa simu upande wa mume wangu. Saa nane ya usiku, saa tisa, mwanga upo. Nikigeuka, anazima. Mnajua akili zetu wanawake zinavyokwenda. Nikajiambia, huyu ana mtu. Nikaanza kununa, nikaanza kumjibu kwa mkato. Chakula nakiweka mezani bila neno.

Tulikwenda kwa daktari kwa ajili ya presha. Daktari akaniuliza, "Unakoroma?" Nikajibu haraka, "Hapana, daktari." Mwanamke gani atakubali mbele ya watu kwamba anakoroma? Tumeshakuhesabu kukoroma kuwa ni mambo ya wanaume na wazee. Mume wangu akakohoa kidogo, akasema, "Mke wangu, niwie radhi. Daktari, anakoroma, halafu ananyamaza. Hapumui kabisa. Mimi huwa nawasha simu naangalia saa, nahesabu. Juzi ilifika sekunde 40, nikamtikisa."

Wapenzi, nilitamani ardhi ipasuke. Mtu niliyekuwa namnunia kumbe alikuwa halali usiku ananihesabia pumzi.

Daktari akatueleza kwamba kuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Ukilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mwili unashtuka ili uvute hewa, kisha unalala tena, na asubuhi hukumbuki kitu. Moyo hauna mapumziko usiku kucha, ndiyo maana presha inapanda na haishuki. Unene huongeza, lakini hata mwembamba anaweza kuwa nao.

Tulivuka na boti kwenda Dar es Salaam kwa kipimo. Nilipewa kifaa nikalale nacho: ukanda kifuani, kamrija puani na kibanio kidoleni. Majibu yalionyesha pumzi yangu inakatika au kupungua mara 34 kwa saa. Chini ya mara 5 ni kawaida. Kuanzia 5 ni ugonjwa mdogo, kuanzia 15 ni wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Mimi nilikuwa juu. Nilimkumbuka marehemu mama yangu, Mungu amrehemu. Naye alikoroma hivihivi, akanyamaza hivihivi, na sisi watoto tukicheka chumba cha pili. Presha ndiyo iliyomchukua.

Dawa yake ni mashine. Haikupi oksijeni wala dawa ya kuvuta. Inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa uliyovaa usoni, na msukumo ule unaizuia koo isijifunge. Aliyeanzisha njia hii ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980. Bei yake kwangu ilikuwa kama kununua cherehani mbili za umeme. Tulivunja mchezo, tukauza na kabati la vyombo, tukanunua.

Nilidhani nikishanunua ndiyo nimepona. Kumbe ndiyo kwanza nimepewa kitambaa, kushona bado.

Usiku wa kwanza nilivumilia nusu saa. Nilihisi nimefunikwa uso na mtu. Barakoa inapuliza machoni, mpira unanivuta shingo, hewa inaingia tumboni. Mwanangu mdogo akachungulia mlangoni, akauliza, "Mama, unarusha ndege?" Nikaivua nikalia. Wiki mbili nzima nilikuwa naivaa na kuivua. Nikiamka asubuhi naikuta chini ya kitanda, wala sijui nimeivua saa ngapi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nguvu ya hewa ya mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, yaani nguvu ya kuinua maji kwenye mrija kwa kimo hicho, na mashine za nyumbani nyingi huanzia 4 hadi 20. Yangu ni ya kujirekebisha yenyewe, na daktari aliiwekea mipaka: isishuke chini ya 6, isizidi 14. Mimi niliona upepo wake wa usiku wa manane ndio unaoniamsha. Nikatazama video kwenye simu, nikajua namna ya kuingia kwenye ule mpangilio wa daktari, nikashusha mpaka wa juu kutoka 14 hadi 8. Nikajipongeza. Usiku ule upepo ulikuwa mpole, nikalala.

Baada ya wiki maumivu ya kichwa yakarudi. Nikasinzia tena dukani. Mashine yangu asubuhi huonyesha idadi ya mara pumzi zilivyokatika kwa saa, na ile idadi iliyokuwa imeshashuka hadi 4 ikawa 17. Yaani nilikuwa nimevaa vitu vyote usoni kama mapambo tu, na koo langu linajifunga kama zamani. Nilimtumia daktari ujumbe huku naona haya. Akanijibu kwa maneno machache: "Rudisha ulipokuta. Tatizo lako si nguvu ya hewa, ni barakoa inavuja."

Nilikaa nikafikiri kama fundi. Mteja akija na gauni linambana kwapani, sikati kitambaa upya. Naangalia kwanza mshono, naangalia kama amevaa sawa. Msukumo wa hewa ni kitambaa alichokata daktari kwa kipimo cha mwili wangu, mkasi siushiki mimi. Lakini kupinda, kulegeza, kubana na kutia mpira, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikachukua daftari langu la vipimo, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina langu juu kama mteja. Kanuni yangu ikawa moja: nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, nakipa usiku tatu, asubuhi naandika saa nilizolala, idadi ya pumzi na kama barakoa imevuja. Ukibadilisha vitu vitatu usiku mmoja hutajua kipi kimekusaidia.

La kwanza lilikuwa mikanda. Nilikuwa naivaa nimekaa, nikiona inavuja nakaza, ikivuja tena nakaza tena, mpaka asubuhi nina michirizi mashavuni kama nimechapwa. Kumbe ukikaza sana, ule mpira laini wa barakoa unajikunja na kuvuja zaidi. Sasa naivaa ikiwa imelegea, nawasha hewa, nalala kwa ubavu kama ninavyolala kweli, ndipo nakaza kidogokidogo, kulia na kushoto sawasawa, mpaka hewa iache kupenya. Uso uliolala si sawa na uso uliokaa. Fundi yeyote anajua kwamba nguo inapimwa kwa jinsi itakavyovaliwa.

La pili ni saizi. Nilipewa barakoa ya puani ya saizi ya kati, lakini pua yangu ndogo. Nilibadilisha nikapata ndogo, na nusu ya mateso yakaisha. Kuna za aina tatu: inayofunika pua, inayokaa kwenye matundu ya pua tu, na inayofunika pua na mdomo. Kama unalala mdomo wazi, au pua yako inaziba mara kwa mara, mwambie anayekuuzia kabla hujalipa.

La tatu, shoga zangu, ni mafuta. Mimi usiku nilikuwa sikosi kujipaka mafuta ya nazi usoni, na Alhamisi naweka liwa. Barakoa ikikaa juu ya mafuta inateleza, na mpira wake unaharibika upesi. Sasa singo na liwa ni mambo ya mchana. Usiku natawadha kabla ya kulala, uso unabaki safi na mkavu, ndipo navaa. Mafuta nayapaka baada ya Alfajiri.

Nywele nazo zilikuwa zinakatika pale mikanda inapopita. Nikashona vifuko vya pamba laini, navivisha kwenye mikanda, na kichwani nalala na kofia nyepesi ya pamba. Vifuko nafua kila Ijumaa. Kitambaa chake ni vipande vinavyobaki dukani, havina gharama.

Nikaja kwenye marekebisho ambayo daktari aliniruhusu. Moja linaitwa rampu: mashine inaanza na hewa ndogo kisha inapanda polepole mpaka usinzie. Yangu iliwekwa dakika 45, na mimi hewa ile ndogo ndiyo iliyonifanya nihisi nimezibwa. Nilipunguza hadi dakika 15, ikanifaa. Mwenzangu mwingine huenda akahitaji iwe ndefu. La pili ni nafuu ya kutoa pumzi, yaani mashine inapunguza nguvu pale unapotoa hewa nje ili usishindane nayo. Lina ngazi 1 hadi 3, mimi nimetulia kwenye 2. La tatu ni unyevu. Mashine ina tangi dogo la maji linalopashwa moto ili hewa isikaushe koo. Mimi nililiweka juu kabisa nikidhani ndiyo zuri. Wakati wa kaskazi tunalala na kiyoyozi, basi ule mvuke wa moto ukikutana na mpira wa baridi unageuka maji, saa tisa ya usiku namwagikiwa puani. Nilishusha unyevu hadi 2, mashine nikaishusha kwenye kigoda iwe chini kuliko kichwa, na mpira nikaushonea ala ya flana ndani na kanga kuukuu nje. Maji hayajarudi. Mume wangu huiita ile kanga "nguo ya bi harusi wetu".

Maji ya tangi yana habari yake. Kisiwa chetu ni cha mawe ya chokaa, na maji ya bomba yanaacha ukoko mweupe, ule tunaouona kwenye birika. Nilitumia mwezi mmoja tu, tangi likawa jeupe. Nililisafisha kwa siki iliyochanganywa na maji, nikasuuza sana. Sasa natumia maji yaliyokenekwa, yale yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa, nanunua duka la dawa. Maji ya betri ya gari msitie humo hata siku moja. Asubuhi namwaga yaliyobaki, sitii mapya juu ya ya jana.

Na udi. Mimi siwezi kulala chumba kisichofukizwa, nimelelewa hivyo. Lakini nilipofungua mashine nikakuta kichujio kimekuwa rangi ya kahawa, na hewa yote inanuka moshi. Sasa nafukiza kabla ya Magharibi, mashine ikiwa imezimwa na kufunikwa, kisha nafungua madirisha. Kichujio nakitazama kila wiki na nabadilisha kila mwezi, maana vumbi letu nalo si haba.

Asubuhi baada ya sala naosha ile sehemu inayogusa uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, naanika kivulini. Juani mpira unapasuka. Kila wiki naosha mpira mrefu, tangi na mikanda. Dakika 10 haziishi.

Umeme ukikatika? Hofu yangu ilikuwa hiyo. Sisi tuliokuwepo kwenye lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuuamini umeme moja kwa moja. Mimi wakati ule nilikuwa kwenye kozi, tukishona kwa cherehani za miguu. Nilieleweshwa kwamba barakoa ina matundu ya kutolea hewa, na ile inayofunika mdomo ina kilango kinachofunguka mashine ikizimika. Umeme ukikatika utaamka tu na kuivua. Nimeweka betri na inveta, fundi umeme akaniangalizia kwanza kama vinakubaliana na mashine yangu. Usiku wa betri nazima kipasha maji, kwa sababu hicho ndicho kinachokula umeme mwingi.

Ramadhani ilinipa somo lake. Usingizi wetu unakatikakatika: kidogo baada ya tarawehe, daku, kisha tena baada ya Alfajiri. Mwanzo nilivaa mara ya kwanza tu, huko kwengine nikasema ni dakika chache. Zile dakika chache ndizo zilizonipa kichwa. Sasa kila ninapolala navaa, hata kailula. Mchana wa mfungo nalala bila maji kwenye tangi ili kuondoa shaka. Mwenye swali la hukumu amuulize sheikh wake.

Kilichobaki kilikuwa haya. Mama mkwe alikuja kutoka Pemba kukaa nasi wiki mbili, na mimi nikaificha mashine kabatini. Usiku wa tatu alisikia mkoromo wangu kutoka chumba cha watoto. Asubuhi akaniita jikoni, tukamenya muhogo pamoja. "Mwanangu," akasema, "mume wako kaniambia una dawa na huitumii kwa ajili yangu. Mimi nimekuja kuwaona wajukuu wangu wana mama. Kaivae." Nikasema, "Nisamehe, mama." Usiku ule niliivaa mlango ukiwa wazi, akaja akaitazama, akaushika ule mpira wenye kanga, akasema kanga yenyewe nzuri, lakini jina lake limekatwa vibaya. Tukacheka mpaka hewa ikavuja.

Leo nalala saa 6 hadi 7 na barakoa usoni. Idadi ya pumzi zinazokatika iko 2 au 3 kwa saa. Presha imeshuka, na daktari amenipunguzia kidonge kimoja. Sikupunguza mwenyewe, nimeshajifunza. Kidole changu kimepona, kimebaki alama. Alfajiri naamka kabla ya adhana, namkuta mume wangu amelala, na simu yake iko sebuleni, anaichaji huko.

Ushauri wangu kwenu ni huu mmoja. Kama unaamka umechoka, kichwa kinauma, presha haishuki, usione haya kumuuliza anayelala karibu nawe. Na ukiona mwanga wa simu usiku, kabla hujampekua mwenzio, muulize kwanza: "Kwani nakoroma?"

Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wa afya na maamko mema. Tuonane tena, Insha'Allah.